Tumbo la Zimwi: Mhadhara wa Msingi kuhusu Mazimwi na Mizuka Rafiki

Zimwi rafiki ni kiumbe wa riwaya za watoto mwenye uwezo wa kumla mtoto lakini asiyemla. Ufafanuzi huu, ambao haujapata kupingwa na yeyote katika chumba ulimotungwa, unafichua jambo ambalo wahakiki wadogo wadogo hawajaling'amua: urafiki wa mazimwi hautoki moyoni, unatoka tumboni.

Wahenga walikaribia kulijua hili. Zimwi wa ngano za pwani anayemtia binti ndani ya ngoma na kumwimbisha kijiji baada ya kijiji hasukumwi na mapenzi ya muziki, anatafuta chakula. Nao waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha waliweka kanuni ya kisayansi kabisa, ingawa suala la kiasi kinacholiwa walituachia sisi wasomi.

Katika fasihi andishi, ushahidi wa kale wenye uzito ni mzuka wa Canterville, aliyebuniwa na Oscar Wilde mwaka 1887 katika hadithi ambayo watoto wameitwaa bila kuomba ruhusa. Alipokuwa hai, mzuka huyo, Sir Simon, alimuua mkewe, na miongoni mwa lawama anazomtupia ni kwamba hakujua kupika. Shemeji zake wakamlipiza kwa kumwua kwa njaa. Karne kadhaa baadaye familia ya Kimarekani inanunua jumba lake na kukataa katakata kumwogopa: baba anampa mafuta ya kulainishia minyororo, mapacha wanamrushia mito. Yote hayo ni madogo. Jambo kubwa ni pale Virginia, binti wa miaka 15, anapomwuliza kama ana njaa na kumkaribisha sandwichi. Mzuka anakataa kwa adabu, maana hali tena chochote, na muda si mrefu ugomvi unakwisha.

Roald Dahl aliifikisha nadharia hii kileleni mwaka 1982, pengine bila kujua. Katika The BFG, jitu mpole anakataa kula watu na hivyo anaishi kwa mmea mmoja mnene unaofanana na tango, wenye ladha ya kutapisha. Wenzake tisa, wala watu, wamemzidi kimo maradufu na zaidi. Wasiosoma huuita huo wema. Uchunguzi makini unaona utapiamlo. Yatima Sophie anapompeleka kwa Malkia wa Uingereza, shughuli ya kwanza ya kidiplomasia ni kifungua kinywa. Majitu wabaya nao wanaishia shimoni, wakilishwa tango lilelile. Hakuna mahakama iliyowahi kuelewa lishe kiasi hicho.

Kwa upande wa Ujerumani, mzuka mdogo wa Otfried Preußler (1966) anashughulika na saa kuliko sahani, hivyo hatatuchelewesha. Angela Sommer-Bodenburg, aliyeanza mfululizo wake wa mnyonya damu mdogo mwaka 1979, anafaa zaidi. Mnyonya damu Anna hajaota meno ya kazi, anakunywa maziwa, na ni mpole. Kaka yake Rüdiger anakunywa damu na bado ni rafiki wa mtoto Anton. Mfano huu unapingana na nadharia, kwa hiyo haujadiliwi.

Mizuka ndio salama kuliko wote. J. K. Rowling, katika kitabu chake cha pili cha Harry Potter (1998), anaonyesha karamu ya mwaka wa 500 tangu kufa kwa mzuka Nick, yule ambaye kichwa chake hakikukatika sawasawa. Chakula kimeachwa kioze ili wageni wanaopita katikati yake wakaribie walau kupata ladha kali: hamu ipo, tumbo halipo. Katika The Graveyard Book ya Neil Gaiman (2008) mizuka wanamlea mtoto makaburini, lakini kwenda kumtafutia chakula hawawezi. Kazi hiyo anapewa Silas, ambaye si mzuka, na chakula chake mwenyewe ni busara kutokiulizia.

Mzazi anayenunua riwaya ya namna hii asibabaishwe na pembe wala kucha zilizochorwa kwenye jalada. Afungue kurasa za mwanzo atazame mhusika anakula nini, na akikuta bado hajala, airudishe rafuni.