Ndoo Inayojimwaga Yenyewe

Kifaa cha mawimbi cha nyumbani ni ndoo iliyokaa juu ya tangi la samaki, pampu ndogo inayoijaza polepole, na bomba nene lililokunjwa linaloimwaga kwa mkupuo. Pampu hupandisha maji kwa kama dakika moja na nusu. Bomba huyarudisha tangini kwa sekunde zisizofika kumi. Kisha kazi huanza upya, usiku na mchana, bila swichi ya ziada na bila idhini ya waliolala. Hakuna kinachozunguka isipokuwa panga la pampu. Kwa hiyo kifaa hiki husifiwa kwa urahisi wake, hasa na wale ambao hawajakitengeneza.

Aina inayojulikana zaidi inahusishwa na Bruce Carlson wa Waikiki Aquarium, Honolulu, na ilikusudiwa matumbawe. Tumbawe halitembei kutafuta riziki: wimbi ndilo linaloliletea chakula na kuliondolea uchafu, na mkondo unaokwenda upande mmoja siku nzima haulifai kama maji yanayokuja kwa nguvu kisha yakatulia. Honolulu bahari iko mlangoni. Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, iko vilimani, na kutoka pale hadi pwani ya Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Maji ya bahari yana chumvi ya kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 200 hula kilo saba za chumvi maalumu, na ile ya mezani haifai hata kwa dua. Tena matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya viumbe pori. Abiria wa basi mwenye vipande vya matumbawe kwenye begi ajiandae kutoa maelezo marefu njiani.

Kwa Karagwe na wilaya jirani ya Kyerwa, basi, mwamba wa karibu ni ule wa Ziwa Victoria. Mto Kagera unapita mipakani mwa Kyerwa ukielekea huko, ingawa mawimbi yenyewe hayarudi nao. Kwenye miamba ya ziwa wanaishi mbipi, samaki wadogo wa jamii ya furu, ambao waliponea chupuchupu wakati sangara alipofuta mamia ya ndugu zao wa maji wazi. Anayependwa na wafugaji dunia nzima ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere, aliyeenziwa kwa jina hilo, alipong'atuka urais. Dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Jike amevaa rangi ya kazi. Hawa wamezoea maji yanayopiga mawe, na maji ya mvua kutoka kwenye simtangi hayawasumbui sana, kwani maji ya Victoria nayo ni laini. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite: inaosha bati, na bati la Julai lina vumbi la barabara nzima.

Ujenzi huanza na ndoo ya lita 20, na hapo ndipo balaa la kwanza linapojificha. Ndoo tupu zinazopatikana kwa urahisi zina historia. Iliyokuwa ya rangi ya ukuta haioshwi ikasafika. Iliyokuwa ya rubisi, pombe ya ndizi, huoshwa na kusuguliwa kwa mchanga, ikakaa juani wiki nzima, na bado maji yakimwagika sebule hunukia kama kilabu. Mpira wa pampu nao ununuliwe mpya. Ule wa gereji, uliozoea kunyonya dizeli kwenye matangi ya malori, una kazi yake.

Hesabu ifanywe kabla ya msumeno. Tangi lenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 40 likipokea lita 16 kwa mara moja, maji yake hupanda sentimita nne. Anayejaza tangi hadi ukingoni ili lipendeze atazikuta sentimita hizo nne kwenye zulia. Pampu nayo isiaminiwe kwa maandishi ya boksi: lita 1,000 kwa saa ni za pampu isiyopandisha maji popote. Ikiambiwa iyanyanyue mita moja, hutoa lita 600 hivi, yaani kumi kwa dakika, na pampu dhaifu zaidi hubaki ikinguruma tu bila tone kufika juu.

Bomba la inchi moja na nusu huanzia karibu na sakafu ya ndoo, hupanda hadi karibu na ukingo, hupinda kwa elbo mbili, hutoka nje na kushuka hadi ndani ya tangi. Maji yakivuka kilele cha pindo na kulijaza bomba lote, uzito wa yanayoshuka huyavuta yaliyo nyuma, na ndoo nzima hufuata. Ni kanuni ileile ya kunyonya mafuta kwa mpira, ila hapa hakuna anayeonja.

Maji katika shughuli hii yote hayana makosa: hushuka yakiruhusiwa na hutulia yakizuiwa. Mkorofi ni hewa, na karibu kila ajali ya kifaa hiki ni hewa iliyokaa pasipotakiwa au iliyokosekana ilipohitajika.

Ya kwanza hutokea siku ya uzinduzi, mbele ya watu. Ndoo hujaa, maji hufika kwenye kilele, kisha, badala ya kumwagika kwa kishindo, huchuruzika upande wa pili kama mate ya mtoto anayeota meno, lita kumi zikiingia na lita kumi zikitoka kila dakika, bila mwisho. Bomba limebaki na hewa katikati, na maji yanapita pembeni yake. Dawa ni kuzamisha mdomo wa chini wa bomba ndani ya maji ya tangi kwa sentimita tatu hivi, zikipimwa ndoo ikiwa imejaa. Sasa hewa imenaswa pande zote mbili. Hukaza, huzuia, na maji ya ndoo hulazimika kupanda juu zaidi ya kilele kabla hayajaisukuma nje. Yakishinda, hushinda kwa pamoja.

Ya pili huja mwishoni mwa mmwago. Maji ya ndoo yakikaribia sakafu, bomba huvuta maji na hewa kwa pamoja, likikoroma, na pampu inaendelea kuleta mengine, kwa hiyo mvuto haukatiki na ndoo haijai tena. Hapa hewa inatakiwa, na kwa wingi. Pindo hutobolewa juu, kimpira chembamba huchomekwa hapo na ncha yake kushushwa ndani ya ndoo hadi pale maji yanapopaswa kukomea. Maji yakiwa juu ya ncha, kimpira kimezibwa. Yakishuka chini yake, hewa huingia kileleni mara moja na mvuto hukatika. Mafundi bomba wengi hukikata kimpira hiki wakidhani ni uchafu wa kazi, na mwenye tangi huita fundi mwingine kwa tatizo ambalo halikuwapo.

Ya tatu ndiyo ya gharama. Ndoo ikiinama, mvuto hukataa kuanza na ndoo hufurika. Pampu haijui, inaendelea kuhamishia tangi sakafuni kwa bidii ya kibarua anayelipwa kwa ndoo. Kinga ziko mbili, na zote ziwekwe: tundu la dharura karibu na ukingo wa ndoo, lenye bomba la kurudisha maji tangini, na pampu kuning'inizwa sentimita chache tu chini ya usawa wa maji ndoo ikiwa imejaa, badala ya kulazwa chini kabisa. Maji yakipungua, itavuta hewa na kuacha kupandisha. Umeme ukikatika, jambo ambalo hakuna mkazi wa Kagera atakayehitaji kuelezwa, maji ya ndoo huweza kurudi kupitia mpira wa pampu, na ile nafasi ya sentimita nne huyapokea. Waya wa pampu ulegezwe ushuke chini ya soketi kabla haujapanda kuingia, ili matone yadondoke sakafuni na si kwenye umeme.

Kisha kuna kelele. Mmwago unafanana kabisa na choo cha kuflashi. Mshenga aliyekuja kwa mazungumzo ya posa, akakaa na kusikia mshindo wa nne, huuliza kwa sauti ya chini:

"Samahani, huyo mgonjwa wa huko ndani amepelekwa hospitali ya Nyakahanga?"

"Hakuna mgonjwa, mzee wangu. Ni samaki."

Jibu hilo halisaidii. Kinachosaidia ni kifuniko cha ndoo na kipande cha godoro chini yake, ambacho pia hupunguza mtikisiko. Kilo 16 zinazopanda na kushuka kila dakika mbili hulegeza misumari ukutani, kwa hiyo ndoo ikalie stendi ya mbao inayofika sakafuni.

Samaki wenyewe huzoea upesi. Dume mkubwa hutwaa eneo lililo mbele ya mdomo wa bomba na kulilinda, hata maji yakimrusha nyuma kila mara. Tope likitibuliwa, hata hivyo, mapenzi huharibika: utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 1997, ulionyesha kuwa furu jike huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka rangi hazionekani. Mchanga uoshwe hadi maji yatoke meupe. Jike akipata mayai huyabeba mdomoni kwa takriban wiki tatu bila kula. Watoto akiwaachia, pampu huwameza, huwapandisha ndoo, na bomba huwarudisha tangini kwa kasi kabla hawajajua wametoka wapi. Sponji ifungwe kwenye mdomo wa pampu, na isuuzwe kwa maji ya tangi, si ya bomba lenye klorini.