Pipi Ina Ukoo

Kwenye duka la Mangi, mtaani kwetu Madale, kuna kopo la pipi. Za Kenya na za Dar zimelaliana humo kama ndugu. Mtoto hutoa shilingi mia, akamenya karatasi, akatia mdomoni. Haulizi sukari imetoka wapi. Mtoto hana adabu. Adabu wanayo wenye kanuni za uasili wa bidhaa, nami nazisifu kanuni hizo, maana hazina msifiaji.

Mwaka 2018 Tanzania ilizikazia macho pipi, chokoleti, aiskrimu na bigijii za Kenya: mmepikwa kwa sukari ya viwandani iliyoingia kwenu bila ushuru, basi lipeni asilimia 25 kama wageni wengine. Kenya ikashikilia kuwa ni watoto wa nyumbani. Na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulikuwepo tangu 2005! Ikabidi wakaguzi waende viwandani. Nani mwingine amewahi kuitafutia pipi nasaba?

Shangazi anayepeleleza ukoo wa mchumba haoni ndani. Kuku, kwa mfano, hapati uasili kwa kuchinjwa hapa. Sharti awe amezaliwa na kukulia humu. Ukileta mchele wa ng'ambo ukaupima kilo moja moja na kuubandika picha ya Mlima Kilimanjaro, kanuni inakutazama tu, mchele unabaki mgeni. Samaki ndiye kiboko: akivuliwa karibu na Kunduchi ni wetu, lakini akinaswa huko nje, mbali na maji ya nchi, huulizwa bendera ya chombo kilichomvua. (Yeye mwenyewe haulizwi kitu.)

Wala kanuni hizi hazina roho mbaya. Mama anayevusha mzigo usiozidi dola 2,000 pale Namanga ana cheti chake kilichorahisishwa, hapohapo mpakani.

Ninaloziombea ni kuhamia Madale. Mimi nimetoka Mwananyamala, jirani yangu Tandika, Mangi Rombo. Katika nyumba zetu chenye asili ya karibu ni saruji ya Wazo. Sisi wengine tungejitetea kwa kifungu cha usindikaji: tuliingia malighafi, vumbi na foleni ya Tegeta vikatugeuza bidhaa nyingine kabisa. Kuku wa Mangi, aliyetotolewa nyuma ya duka, ndiye pekee angepita bila kulipa.