Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Lebo za Vinywaji

Kwa Mkurugenzi wa Mamlaka inayosimamia lebo za vyakula na vinywaji,

Yah: Pongezi kwa kuidhinisha nguvu isiyo na nishati

Mkurugenzi anapongezwa kwa dhati. Kwa kuruhusu kopo la mililita 250 lisilo na sukari liuzwe madukani kwa jina la kinywaji cha kuongeza nguvu, likiwa na mchoro wa radi ubavuni na, kwa maandishi yanayodai miwani, jedwali linalokiri kwamba nishati iliyomo inakaribia sifuri, Mamlaka imefanikisha jambo ambalo seli hai, pamoja na uzoefu wake wa zaidi ya miaka bilioni tatu, haijaliweza.

Seli bado inang'ang'ania njia ndefu. Molekuli ya glukosi, yaani sukari inayosafirishwa na damu, huvunjwa kwanza katika saitoplazimu, ule ute unaojaza seli, kwa hatua 10 zinazoitwa glikolisisi, ambazo faida yake halisi ni molekuli 2 tu za adenosini trifosfati, au ATP, kemikali inayofikisha nishati pale inapotumika, iwe kwenye msuli unaojikunja au kwenye neva inayopeleka taarifa. Kinachobaki huingia katika mitokondria, ambamo mzunguko alioueleza Hans Krebs mwaka 1937 hukivua elektroni zake, nazo hupokezanwa kwenye utando wa ndani hadi zipokewe na oksijeni na maji yapatikane. Wakati wa kupokezana huko protoni husukumwa upande mmoja wa utando, na zinaporudi hupita katika kimeng'enya ambacho huzunguka kwelikweli, na kuzunguka huko ndiko kunakowezesha fosfati ya tatu iungwe na ATP ikamilike. Peter Mitchell alipoitoa hoja ya protoni mwaka 1961 wataalamu wengi waliipinga kwa miaka, na Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 1978. Inaelekea hakujua kwamba kwenye dawati la lebo hoja hupita upesi zaidi. Mavuno ya kazi yote hiyo ni ATP 30 hivi kwa kila glukosi, na nishati nyingine nyingi huishia kuwa joto.

Kopo lina kafeini, miligramu 80 hivi, na hapo ndipo ustadi wa lebo ulipo. Miongoni mwa mabaki ya ATP iliyotumika kuna adenosini, kemikali ambayo huongezeka katika ubongo kadiri mtu anavyozidi kukesha, na ambayo inaposhika vipokezi vyake humjulisha mwenye mwili kwamba amechoka. Kafeini, kwa kuwa umbo lake linafanana nayo, huvikalia vipokezi hivyo na kunyamaza. Hakuna ATP iliyoongezeka. Kilichopungua ni habari za uchovu. Dereva wa lori anayelinywa kopo hilo saa nane usiku hana tofauti na aliyebandika tepu nyeusi juu ya taa inayoonya kwamba mafuta yanakwisha, kisha akaiita tepu hiyo dizeli, tena akiwa na kibali cha ofisi. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini huwa imeondoka, adenosini inarudi kwenye nafasi zake, na lori pengine halijafika.

Zimo pia vitamini za kundi B, ambazo ni kweli kwamba seli huzitumia kutengeneza vibeba-elektroni, lakini kwa kiasi kidogo, na asiyepungukiwa haongezewi kitu. Riboflavini iliyozidi hutoka na mkojo na kuutia unjano mkali, na kwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya bidhaa ambayo mnunuzi anaiona kwa macho ikimaliza safari yake. (Makopo yenye sukari hayahusiki hapa, hayo yana nishati, kama ilivyo chai ya sukari nyingi.)

Ili haki itendeke kwa wote, Mamlaka inaombwa imshughulikie mama auzaye mihogo ya kuchemsha kwenye kijiwe cha bodaboda, ambaye kila asubuhi hugawa wanga unaogeuka glukosi, bila radi wala kopo, kwa kosa la kuuza nishati halisi chini ya jina la mihogo. Hatua hiyo ikionekana nzito, lipo ombi jepesi: maneno "kuongeza nguvu" yafutwe kwenye makopo yasiyo na nishati, na mahali pake pachapwe, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, "Kinywaji cha kuchelewesha usingizi. Dereva aliyechoka alale."