Barua ya Wazi kwa Wenye Mihuri na Bariyeri

Goma, Kivu ya Kaskazini

Kwa Waheshimiwa wote wenye muhuri, kitabu cha risiti au kamba ya kufungia njia

Nakala kwa taarifa:
– Wizara ya Kinshasa yenye dhamana ya biashara ndogo na ufundi
– Walioushika mji wa Goma tangu mwisho wa Januari 2025
– Machifu, makamanda na makarani wao
– Mashirika yenye magari meupe na antena ndefu

Kuhusu: Shukrani zetu kwa jinsi mnavyokuza ufundi wa asili vijijini

Waheshimiwa,

Salamu zangu ni nyingi, ila nimezipunguza zisije zikatozwa ushuru njiani.

Tumesikia kwa furaha kubwa kwamba mmegundua ya kuwa ufundi wa asili unaweza kuinua uchumi wa vijiji. Mmeufikia ugunduzi huo katika kumbi za hoteli zinazotazama Ziwa Kivu, penye maji ya chupa na posho ya usafiri. Mtusamehe sisi tunaokaa juu ya mawe ya volkano. Tulidhani jambo hilo lilikwisha kuthibitishwa katika miaka ya 1970, pale uchumi wa Zaire ulipoteleza, mafuta ya gari yakawa anasa, na mafundi wa Kivu wakachonga chukudu.

Kwa faida ya wataalamu waliofika juzi, chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Ina urefu wa kama mita mbili. Mwili wake ni wa mbao ngumu na mikaratusi, magurudumu yake ya mbao huvishwa mpira wa tairi kuukuu, na dereva hupiga goti juu yake akiteremka mlima. Fundi huimaliza kwa siku chache, kwa panga, patasi na jicho lake. Hubeba zaidi ya kilo 400 bila tone la petroli. Mbunifu wake hakuhudhuria semina yoyote, na hadi leo hana cheti.

Mnatafuta "mnyororo wa thamani"? Njooni kijijini Kibumba. Mwenye shamba la mikaratusi anauza mti, mpasuaji anaupasua, seremala anaunga, mkata matairi anavisha gurudumu. Mkulima anapakia viazi na kabichi, dereva anateremka hadi Goma, na mama wa soko la Virunga anauza kabla jua halijazama. Kijiji kinapata fedha, mji unapata chakula. Hapo hapakuwa na mradi wala bango lenye nembo saba. Ninaelewa kwa nini mlikosa kupaona.

Hata hivyo si kweli kwamba hamjafanya kitu. Katika enzi ya Rais Joseph Kabila tulijengewa sanamu ya chukudu katikati ya mji, ikapakwa rangi ya dhahabu, na wageni wanapiga picha pale. Nimeitafakari sana sanamu ile, nikagundua kwamba ndiyo chukudu pekee katika jimbo zima ambayo haijawahi kulipa ushuru wa bariyeri. Sababu ni moja tu: haitembei.

Zile zinazotembea zina bahati nyingine. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu bariyeri 798 katika Kivu zote mbili, wakaipa ripoti yao jina lenye maana kwamba kila kinachotembea kitatozwa. Kwenye bariyeri kulikuwa na askari wa serikali, makundi yenye silaha na watumishi wa ofisi mbalimbali. Tangu siku hizo sare zimebadilika mahali pengi, bendera zimeshuka na nyingine zimepanda, lakini kamba inajua kazi yake. Dereva wa chukudu ndiye raia mwenye uzoefu mkubwa zaidi wa mabadiliko ya utawala: kila utawala mpya anaujua kwa rangi ya risiti, kama risiti ipo.

Nawapongeza pia kwa huduma za fedha. Mji ulipoanguka mwaka 2025 mabenki yalifunga milango, na watu wa mishahara wakahangaika. Seremala wa chukudu hakuona tofauti yoyote, maana kwake benki haikuwahi kufunguliwa. Yeye anaendelea na Ibara ya 15, ule mzaha wetu wa Kikongo usemao "jitafutie mwenyewe", ambayo ndiyo sheria pekee tunayoifuata wote bila kulazimishwa.

Na barabara? Mei 2021 lava ya volkano ya Nyiragongo iliikata barabara ya Goma hadi Rutshuru. Mwaka 2022 vita viliwasukuma watu wa Kibumba na Rutshuru hadi Kanyaruchinya, pembezoni mwa Goma, na magodoro na masufuria yao yakapanda chukudu. Kila msiba unapokuja, ufundi huu ndio unaofika kwanza, na ripoti zenu zinafuata miezi sita baadaye zikiuita "uwezo wa jamii kustahimili". Sisi tumechoka kusifiwa kwa kustahimili mambo ambayo mngeweza kuyaondoa.

Ili kuwasaidia, naleta mapendekezo matatu. Kwanza, ikiwa bariyeri ni lazima, chukudu zote zijengewe nguzo na kupakwa dhahabu. Zikisimama hazitatozwa, na sisi tutajifunza kula picha. Pili, seremala apewe mafunzo ya ujasiriamali ya siku tatu, kisha alipishwe kodi ya kuyahudhuria. Tatu, chukudu ndogo za mapambo zitengenezwe kwa ajili ya wageni, waziweke juu ya meza huko kwao na kusema wameisaidia Kongo.

Kama mapendekezo hayo ni mazito kwa bajeti yenu, lipo moja jepesi, na hilo nalisema bila mzaha. Ondoeni bariyeri kati ya Kibumba na soko. Kama kuna ushuru wa halali, ulipwe mara moja, mahali pamoja, kwa risiti inayoheshimiwa na kila askari hadi mwisho wa safari. Tengenezeni barabara, na muwasaidie wakulima kupanda mikaratusi ili fundi asilazimike kunyemelea miti ya Hifadhi ya Virunga. Mengine yote seremala anayajua. Alianza kabla yenu, na anachowaomba ni kumpisha apite.

Wenu katika subira,
Mkazi wa Goma