Jinsi ya Kuiongezea Nguvu Bastola ya Mzee

Kabla hujashika kitu chochote, hesabu vidole vyako. Vikiwa kumi, mtaji unao. Lengo la mwongozo huu ni kwamba jua likizama viwe bado kumi, na macho mawili.

Tuseme umeikuta bastola aliyoiacha mzee ndani ya sanduku la bati, chini ya koti la jeshi. Hilo haliwezi kumshangaza mtu wa Jinja. Mji huu umeishi na kambi tangu enzi za King's African Rifles, na Januari 1964 askari wa Uganda Rifles waliasi hapohapo mjini wakidai mishahara, mpaka Waingereza wakaletwa kutoka Kenya kuwatuliza. Silaha za zamani zina njia nyingi za kubaki nyumbani kwa watu. Sasa binamu yako anasema risasi za mzee hazipatikani tena, na isitoshe ni dhaifu, ila kule Mbale yuko fundi atakayeipanua bastola imeze risasi kubwa zaidi. Twende polepole.

Hatua ya kwanza ni kusoma, na macho yatosha. Isome ikiwa hapohapo ilipolala, mdomo wake ukitazama pasipo na mtu, kidole kikiwa mbali na kifyatulio, na uihesabu kuwa ina risasi ndani hata kama mzee aliapa haina. Maandishi yaliyogongwa kwenye chuma ni mkataba. Webley Mk VI, ambayo jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1915, inakula risasi ya .455. Enfield iliyoifuata mwaka 1932 inakula .38 fupi, ya mwendo wa taratibu. Namba hiyo inakuambia chuma kilipangiwa kubeba mzigo gani, na aliyeiandika ndiye aliyekichonga.

Hatua ya pili ndiyo ndefu, kwa kuwa watu wengi huiruka. Ukifyatua, baruti hugeuka moshi wa moto kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na moshi huo hausukumi risasi peke yake. Unasukuma pande zote kwa nguvu ileile: nyuma, juu, na kwenye kuta za chumba cha silinda. Kuta hizo ni nyembamba. Vyumba sita vimebanana ndani ya kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na kwenye bastola nyingi kile kijishimo cha kuifunga silinda isizunguke kimechongwa juu ya chumba chenyewe, pale ambapo ukuta tayari ni mwembamba kuliko kwingine. Webley nayo hukunjuka katikati ili kupakiwa, kwa hiyo kinachoishikilia wakati wa mlipuko ni bawaba na komeo. Mzigo ukizidi, nusu ya juu ya silinda huruka pamoja na utepe wa chuma ulioifunika. Vipande huenda usoni kwa mfyatuaji, na kwa yule aliyesimama begani kwake akishangaa.

Waliotengeneza risasi walilijua hilo mapema. Risasi ya .357 Magnum ilipotoka Marekani mwaka 1935, ganda lake lilirefushwa kama milimita tatu kulizidi la .38 Special, kwa makusudi, ili lisiingie kwenye bastola za zamani. Shinikizo lake ni kama mara mbili. Milimita hizo tatu ni mlango uliofungwa na watu waliofikiria uso wako kabla hujazaliwa, na fundi anayekuahidi kuipanua silinda anakuahidi kuuvunja.

Wamarekani wenyewe walishajaribu njia nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliuziwa Webley nyingi za jeshi, na wafanyabiashara wakazikwangua silinda upande wa nyuma zipokee risasi ya .45 iliyojaa madukani. Ziliingia vizuri, na hapo ndipo hatari ilipojificha: risasi ile inasukuma kwa shinikizo kubwa kuliko lile ambalo silinda ilitengenezewa. Zipo zilizopasuka. Zilizobaki, wenye akili huzilisha risasi zilizopunguzwa baruti.

Hatua ya tatu, mwulize fundi wako maswali. Namheshimu fundi wa Mbale; anayefufua mashine ya kusaga mahindi kwa vyuma chakavu ana kipaji. Lakini mwulize chuma hiki kilichomwa na kupozwa vipi kiwandani, na atajuaje kwamba hakina ufa usioonekana kwa macho. Uingereza ina sheria ya mwaka 1868 inayotaka kila mtutu ujaribiwe kwa mzigo uliozidishwa, London au Birmingham, kabla ya kuuzwa. Kwa fundi wako mtihani huo utafanywa na mkono wako.

Ukitaka kuona namna halali ya kuongeza nguvu, nenda ukatazame bwawa la umeme la Owen Falls hapo Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954. Lilianza na megawati 150. Mitambo ikapimwa, ikakarabatiwa, ikafika 180. Wahandisi walipotaka zaidi ya hapo hawakuilazimisha ile ya zamani. Walichimba mfereji na kujenga kituo cha Kiira kando yake.

Na nguvu hiyo ya bastola ni ya kutumia dhidi ya nani? Mbale ipo kwenye njia ya kwenda Moroto, mji wa Karamoja, na watu wake wanajua mbio za silaha huishia wapi. Kule Karamoja, miaka ya 1970, watu waliunda bunduki kwa mabomba ya chuma. Mwaka 1979, askari wa Idi Amin walipokimbia, ghala la silaha la Moroto likabaki wazi na bunduki za kivita zikaingia mazizini. Kila kijiji kilipoongeza nguvu, jirani naye aliongeza. Serikali ilianza kuzikusanya mwaka 2001, ikarudia kwa mabavu mwaka 2006, na wachungaji walikufa katika wizi wa ng'ombe na katika kunyang'anywa bunduki pia. Nasema haya kwa uchungu: hakuna aliyepata usalama aliokuwa akiutafuta.

Hatua ya mwisho. Sheria ya silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inataka kibali cha kumiliki, na kutengeneza au kugeuza silaha bila leseni ni kosa, kwako na kwa fundi. Usiibebe kwenye mfuko wa kaveera juu ya boda boda. Iache pale ilipo, funga chumba, watoto wasiingie. Nenda na mkubwa wa familia kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), kisha mfike polisi mikono mitupu, mweleze ni urithi, na muombe waje kuichukua wenyewe. Watakapoichukua, dai karatasi yenye namba ya bastola, tarehe, na sahihi ya aliyeipokea, uiweke pamoja na hati za kiwanja cha mzee.