Namna ya Kupanga Vipaumbele vya Sabasaba

Maonyesho ya Sabasaba huanza Juni 28 katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, Temeke. Tarehe haijifichi. Wewe mkuu wa idara ya masoko mwenye ofisi Kinondoni, fuata hatua hizi ili ikushtue kama mwaka jana.

1. Itisha kikao. Waite mauzo, uhasibu, manunuzi na TEHAMA. Mtunza stoo mwache hukohuko Chang'ombe. Nauli yake ya daladala itavuruga bajeti ya sambusa.

2. Andika kazi zote ubaoni: banda, fulana, vipeperushi, tangazo la redio, tovuti mpya, na msanii ambaye bosi alimpenda harusini. Zote zipe namba moja. Mshika mbili moja humponyoka, ndiyo maana wewe umeshika sita.

3. Zikigongana, tumia kipimo cha kitaalamu: cheo cha anayepiga simu. Mkurugenzi akisema fulana, ni fulana. Akila mchana akarudi na tovuti, waambie wa fulana "tunalifanyia kazi", yaani jambo limekufa ila msiba haujatangazwa.

4. Kama hesabu zenu zinafungwa Juni 30, fedha ziombe wiki hiyohiyo. Mhasibu atadai profoma tatu. Mwambie ni dharura. Atakujibu kwamba yeye kazaliwa kaikuta Sabasaba. Ana roho mbaya, usijibizane naye.

5. Fulana zifuate Kariakoo Juni 27 usiku. Fundi atasema, "Kesho asubuhi, bosi." Asubuhi hiyo ina mchana wake na jioni yake. Nembo ya bluu ikitoka zambarau, iite ubunifu.

6. Julai 7, sikukuu yenyewe, watu ni wengi kama siafu. Bango linapepea, msanii anaimba, vijana wamependeza kwa zambarau. Mama mmoja anasogea bandani: "Mwanangu, hiyo sabuni mnayoiimba iko wapi nami ninunue?"

7. Sasa mpigie mtunza stoo. Foka kwanza, uliza baadaye.

"Zipo, bosi," atasema taratibu. "Katoni zote nimezipanga mlangoni tangu Mei. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie zinakwenda wapi."

Chang'ombe na viwanja vya Sabasaba viko Temeke hiyohiyo. Kirikuu moja ingetosha.