Tafi Anatambuliwa Rasmi

(Ofisi ya chama cha wavuvi, usiku. Mezani wapo Kompyuta na Muhuri, aliyekaa juu ya kidau chake cha wino. Kufuli ananing'inia mlangoni.)

KOMPYUTA: Shikamoo, mzee.

MUHURI: Marahaba. Nasikia unataka kuanzisha wiki, hiyo tovuti inayoandikwa na wengi, kuhusu samaki wetu. Kamati ilikaa lini?

KOMPYUTA: Haikukaa. Wiki ipo tangu saa kumi jioni. Nimeweka DokuWiki: haidai hifadhidata, kila ukurasa ni faili la maandishi tu. Nikaandika mstari mmoja: "Tafi ni samaki wa miambani, miiba yake ina sumu." Neno "sumu" nikalifanya kiungo. Kinaonekana chekundu kwa kuwa ukurasa wake haujaandikwa.

MUHURI: Umeanika upungufu wetu hadharani!

KOMPYUTA: Ndiyo chambo chenyewe. Aliyewahi kuchomwa na tafi akikiona, mkono utamwasha aandike.

MUHURI: Kwanza mwongozo. Kisha wahakiki. Kisha mimi.

KOMPYUTA: Walishajaribu. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Nupedia, kamusi elezo ya mtandaoni: waandishi mabingwa, uhakiki wa hatua saba. Mwaka wa kwanza ukatoa makala kama 20. Januari 2001 wakafungua Wikipedia pembeni, kila apitaye aandike. Mwaka 2003 Nupedia ikafungwa.

KUFULI: Kila apitaye? Na mwizi je?

KOMPYUTA: Akifuta, narudisha. Matoleo ya zamani yote yapo, pamoja na jina na saa. Wasumbufu hasa ni roboti za matangazo ya kamari, ndiyo maana anayetaka kuandika hujisajili kwanza.

KUFULI: Kumbe nina kazi!

KOMPYUTA: Hapo mlangoni tu, ndugu yangu. Ukifunga na vyumba vya ndani, tutabaki na ubao wa matangazo.

(Muhuri amejisajili kimyakimya. Cheo alichojaza ni kirefu kuliko jina.)

KOMPYUTA: Mzee, ni wewe uliyefuta miiba ukaandika "Tafi anatambuliwa rasmi na ofisi hii"?

MUHURI: Nimesahihisha.

KOMPYUTA: Miiba imesharudi. Tena imeongezwa kwamba tafi hupatikana pia kwenye majani ya bahari.

MUHURI: Nani huyo, bila kibali?

KOMPYUTA: Historia inasema Kufuli, saa 4:12 usiku.

KUFULI: Nyavu zinaanikwa hapa nje kila siku, mzee. Zinasema mengi.

MUHURI: Kufuli! Hata darasa moja hukusoma! Nitaandika malalamiko, kurasa tatu, nakala kwa mwenyekiti, nakala kwa katibu. Na nitaeleza tafi ni nani hasa, maana mimi ndiye niliyegonga vibali vya madema yote ya pwani hii, najua kila dema lilitegwa wapi na lilileta nini!

KOMPYUTA: Hayo ya madema hakuna mwingine anayeyajua. Nimekuwekea kiungo, kile chekundu cha chini.

MUHURI: Na nikimaliza, nagonga wapi?

KOMPYUTA: Palipoandikwa "Hifadhi".